Picha Kwanza, Sauti Baadaye: Uteuzi wa Mtunzi wa Muziki wa Filamu, Ukitazamwa kutoka Bonde la Lukuledi

Mto Lukuledi huanzia upande wa Masasi, ukapita chini ya uwanda wa juu wa Makonde, kisha ukaingia Bahari ya Hindi penye mji wa Lindi. Katika bonde hilo Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde wamekaa kwa ujirani wa miaka mingi, kila jamii na ngoma zake, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Wazee wanaotaka kuwatoa vijana jandoni hushauriana mapema ni mafundi gani wa ngoma watakaoitwa na watatunzwa nini. Fundi haitwi sherehe ikiwa imekwisha kuanza. Filamu za Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa ya historia yake, zimefuata mwenendo ulio kinyume cha huo: picha imetangulia, na muziki umetafutwa mwishoni, popote ulipopatikana.

Masasi ililijua tatizo hili kabla ya kuja kwa sinema. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mwanachuoni mashuhuri wa Kiswahili, aliwafikisha hapo watu walioachwa huru kutoka utumwani, na misheni ya UMCA ikaanzishwa. Pamoja na misheni zilikuja tenzi za Kiingereza zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja ugumu uliopo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mahadhi mengi ya tenzi hizo hufunga mstari kwa pigo zito juu ya silabi ya mwisho. Neno "Bwana", likiangukia mwisho wa mstari, huimbwa kana kwamba mkazo wake u kwenye "na". Mahadhi yalikuwa mazuri, ila yalitungwa kwa ajili ya kinywa kingine. Baadaye Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, aliliingiza jando katika maisha ya Kanisa, na suala la ngoma zipi zibaki na zipi ziachwe halikuepukika.

Filamu iliyotengenezwa Tanganyika kwa ajili ya watazamaji Waafrika iliukuza mwachano huo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la sinema ya elimu lililotoa filamu 35. Sauti haikuwa ndani ya filamu yenyewe. Ilitiwa katika santuri zilizochezwa sambamba na picha, ili maelezo yaweze kubadilishwa kutoka lugha hadi lugha pasipo kuigusa picha. Kwa ufundi wa siku zile huo ulikuwa werevu. Lakini ulizoesha watu kuiona sauti kuwa nguo ya kuvua na kuvaa. Katika miaka ya 1950 kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg ilitengeneza filamu za Kiswahili, ikiwamo "Muhogo Mchungu" aliyoigiza Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye. Mwigizaji alikuwa wa hapa na lugha ilikuwa ya hapa, ila kampuni ilikuwa ya mbali.

Kamera za video ziliposhuka bei, watayarishaji wa Dar es Salaam walijipatia uhuru ambao Kawawa hakuwa nao, na bado kinanda cha umeme kiliwekwa mezani siku za mwisho za uhariri, au vipande vikachotwa kutoka filamu za kigeni. "Girlfriend" ya George Tyson, iliyotoka 2003, ilikwenda njia nyingine kwa kuwatumia wanamuziki wa Bongo Fleva, akiwamo TID. Jina la mwimbaji huuza kanda, na hilo si jambo dogo kwa mtayarishaji asiye na mtaji. Hata hivyo umaarufu si kipimo cha kutosha. Mtunzi wa filamu hupimwa kwa namna anavyolisikiliza onyesho, na wakati mwingine kwa namna anavyonyamaza.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi unarudisha macho kusini. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 wilayani Tunduru, magharibi ya Masasi, na mama yake alikuwa Mmakua. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao, akafa 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu ilitosha kuzaa mtindo wenye jina lake. Mwaka 2010 mtindo huo ulionekana katika vipindi vya katuni vya "Tinga Tinga Tales", vya kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, vilivyochorwa Nairobi katika studio ya Homeboyz. Nyimbo zake alipewa Eric Wainaina wa Kenya, mwanamuziki aliyesomea chuo cha Berklee kule Boston na kujulikana kwa wimbo "Nchi ya Kitu Kidogo". Hakuwa mwajiriwa wa kituo cha televisheni. Uteuzi huo ulikuwa na busara: katika katuni yenye wimbo, wimbo hurekodiwa kwanza ndipo midomo ichorwe kuufuata, kwa hiyo mtunzi hawezi kuitwa mwishoni. Lakini picha zilitoka kwa Wamakua na Wamakonde wa kusini, na mtunzi akatoka Nairobi. Je, mkono wa Wainaina ulitosha kuziba umbali huo? Wanafunzi wa muziki wana haki ya kubishana.

Ubishi huo una upande wa sheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, iliyopitishwa katika urais wa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi huru, asiye na mwajiri wa kumsemea, hana ngao nyingine ila hiyo na mkataba wake: nani atamiliki muziki filamu ikishauzwa, na kama waweza kupigwa mahali pengine. Sheria hiyo iligusa pia sanaa za jadi. Anayeutumia mdundo wa sindimba kibiashara, nje ya desturi yake, alitakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa na kutaja jamii au mahali ulikotoka. Katika filamu, mahali pa kuutaja ni orodha ya majina ya mwisho, chini ya jina la mtunzi, wakati watazamaji wengi wamekwisha kuinuka vitini.