Suruali ya Gloria Minoprio na ubishi wa mavazi kwenye gofu

Aprili 2024, mcheza gofu wa Australia Jason Day alitokea kwenye mashindano ya Masters, kule Augusta nchini Marekani, akiwa amevaa kizibao cheupe chenye maandishi makubwa ya kampuni iliyokuwa ikimvalisha. Wasimamizi wakamwomba akivue. Akakivua bila kelele na mchezo ukaendelea. Waliobaki na kelele ni watazamaji. Wapo waliosema sheria ni sheria, na wapo waliouliza kwa nini mtu mzima, tena aliyewahi kushika namba moja duniani, apangiwe nguo na wenye uwanja kama mtoto wa shule ya bweni.

Ubishi huu ni mkongwe. Kanuni za mwanzo kabisa za gofu zinazojulikana, zile 13 zilizoandikwa mwaka 1744 huko Leith, Scotland, hazina neno lolote kuhusu nguo. Nguo zilikuja baadaye, na kwa sababu yenye mashiko. Gofu ilichezwa kwenye maeneo ya wazi ambako raia wengine nao walipita na mifugo yao, mbwa wao na watoto wao. Koti jekundu lilimwonya mpita njia kwamba hapa kuna mpira unaruka. Wimbledon Common, jijini London, sharti hilo lipo mpaka leo: ukienda kucheza, vazi la juu lazima liwe jekundu. Hilo sina ugomvi nalo. Mpira wa gofu ni mgumu, na kichwa ni kimoja.

Shida ilianza pale onyo lilipogeuka kuwa sare ya wakubwa. Karne ya 19 ilileta klabu zenye kuta, ada na kamati, na mabwana wakaingia uwanjani na makoti ya tweed na tai shingoni. Miaka ya 1920 mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, akazipa umaarufu zile suruali pana zinazofungwa chini ya magoti, na kila aliyejiona mtu akamuiga.

Kwa wanawake, nguo haikuwa mapambo tu. Iliamua hata namna ya kucheza. Mwaka 1890, katika kitabu cha gofu kilichosomwa sana Uingereza, Lord Wellwood alishauri wanawake wasipige mpira zaidi ya yadi 70 au 80. Hakusema hawana nguvu. Alisema kuinua fimbo juu ya bega hakupendezi kwa mtu aliyevaa mavazi ya kike. Wenyewe wakabaki kupambana na sketi zinazoburura kwenye nyasi. Upepo ulipovuma walikuwa na mkanda wa mpira, uliopewa jina la Miss Higgins, ambao waliushusha kiunoni hadi magotini kuibana sketi ili waweze kuuona mpira. Jaribu kupiga mpira wowote huku umefungwa magoti, kisha utoe maoni yako kuhusu maadili ya uwanjani.

Sketi ilikuwa bado ndilo vazi la mwanamke uwanjani mwaka 1933, ubingwa wa wanawake wa England ulipochezwa Westward Ho!, kijiji cha pwani ya Devon kilichopewa jina la riwaya, pamoja na alama yake ya mshangao. Uwanja huo, ulioanza 1864, upo kando ya bahari na upepo wake hauna adabu. Wachezaji walikuja kama ilivyotarajiwa: sketi nzito, soksi nene, sweta. Kisha likasimama gari kubwa la manjano, na kutoka ndani yake akashuka Gloria Minoprio.

Alivaa suruali. Ilikuwa ya rangi ya bluu iliyokoza, iliyombana, imeshonwa kwa ustadi, na uso wake ulikuwa umepakwa poda nyeupe. Hakuwa na maneno na mtu. Mbeba fimbo wake hakuwa na mkoba uliojaa kama wenzake, kwani Gloria alicheza mechi nzima kwa fimbo moja ya chuma, na nyingine ya akiba iwapo ile ingevunjika. Kwa fimbo hiyo hiyo alianzia, akajitoa mchangani, na akauingiza mpira shimoni. Wakati huo mchezaji aliruhusiwa kubeba fimbo kadiri alivyotaka. Kikomo cha fimbo 14 kiliwekwa 1938 Marekani na 1939 Uingereza. Waliokuwa wakijaza mikoba walimwona kama anawadhihaki.

Alishindwa mechi hiyo, lakini nani alikumbuka matokeo? Chama cha Gofu cha Wanawake kilitoa tamko la kusikitishwa na mtu yeyote anayeacha mavazi ya jadi ya mchezo huu. Kuhusu ile fimbo moja, jambo ambalo kwa mtu wa gofu ndilo maajabu yenyewe, chama hakikuwa na la kusema.

Kisa hiki tunakifahamu zaidi kupitia mwandishi wa Kiingereza Henry Longhurst, aliyekisimulia kwa miaka mingi. Gloria aliendelea kuja kwenye ubingwa huo miaka iliyofuata, kila mara na suruali yake na chuma chake, na kwa kawaida alitolewa siku ya kwanza, Jumatatu. Kwa Kilatini jina lake lina maana ya utukufu, na Longhurst alilichezea kwa kugeuza msemo wa Kilatini kuhusu utukufu unaopita upesi, upite Jumatatu; mwaka aliofanikiwa kuvuka raundi ya kwanza, mzaha ukasogezwa hadi Jumanne. Longhurst alikuwa fundi wa kalamu, lakini tazama alichokikazia macho: umbo, poda, gari. Mwanamke aliyeweza kushinda mechi ya ubingwa kwa fimbo moja alistahili walau aya mbili kuhusu mikono yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, suruali ya mwanamke ikawa jambo la kawaida, na ugomvi ukahamia kwenye magoti, kola na kofia. Viatu vya misumari ya chuma, vilivyokuwa fahari ya mcheza gofu, vilipigwa marufuku na klabu nyingi miaka ya 1990 kwa sababu vilichimbua nyasi za kuzunguka shimo. Hiyo ni sheria yenye sababu. Julai 2017 mashindano ya LPGA ya Marekani yaliwakataza wanawake vifua vilivyo wazi na sketi fupi mno, kwa faini ya dola 1,000 kwa kosa la kwanza. Wanaume wa PGA Tour waliruhusiwa kaptula siku za mazoezi mwaka 2019, ila siku ya mashindano wavae suruali ndefu hata jua likichoma. Mwaka 2020 Mwingereza Tyrrell Hatton alicheza mashindano ya Wentworth, England, akiwa na sweta lenye kofia. Wapo waliokasirika. Akabeba kombe.

Na kwetu? Gofu ilikuja na wakoloni. Klabu inayoitwa leo Royal Nairobi ilianzishwa 1906, na Gymkhana ya Dar es Salaam 1916. Kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo kama mkata nyasi, mpishi au mbeba fimbo. Uhuru ulifungua milango, lakini ubao wa masharti ulibaki ukutani: fulana iwe na kola, ichomekewe, jinzi hapana, kaptula isiwe na mifuko ya pembeni. Nisiwabebeshe Waingereza lawama zote. Sisi wenyewe Tanzania tulikuwa na Operesheni Vijana, iliyotangazwa Oktoba 1968, pale vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walipopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Tunajua vizuri kumpima mtu kwa mshono.

Tofauti ni kwamba kwenye gofu kipimo hicho kinagusa riziki. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Tanzania walianza wakiwa makedi, yaani wabeba fimbo, wakijifunza kwa fimbo za kuazima. Kijana wa namna hiyo anapiga mpira vizuri kuliko nusu ya wanachama anaowabebea mikoba, lakini akitaka kucheza kwa jina lake mwenyewe aanze na kola, mkanda na viatu ambavyo bei yake ni mshahara wa wiki kadhaa. Wanaotetea masharti haya husema yanaleta usawa, kwamba waziri na karani wakivaa sawa hawatofautishwi. Ni hoja nzuri kwa karani ambaye tayari yumo ndani.

Kamati za klabu zetu zinapoketi kupitia kanuni zao, zishike kalamu na kuuliza sharti moja moja linalinda nini. Viatu vinavyoharibu nyasi vikatazwe. Rangi inayookoa kichwa cha mpita njia iwepo. Kipengele cha kola na cha mifuko ya kaptula vifutwe, na fedha za kuchapisha ubao mpya zinunulie makedi viatu.