Magonjwa adimu, sehemu ya 3: Dawa yatima

Niliahidi kueleza ilikuwaje serikali zikaanza kuyatambua magonjwa adimu. Basi leo nawaletea mama mmoja wa Marekani, Abbey Meyers.

Mwanawe alikuwa na ugonjwa unaoitwa Tourette. Mtoto anakonyeza macho, anarusha kichwa, anatoa sauti, yote bila kupenda. (Huku kwetu wangesema ana mapepo, au mtundu tu, achapwe. Nimeshayasikia kwa masikio yangu.) Akaingizwa kwenye majaribio ya dawa ya pimozide, akapata nafuu. Halafu kampuni ikasitisha. Si kwamba dawa ilishindwa, jamani. Wagonjwa walikuwa wachache mno, faida ingetoka wapi? Dawa za namna hiyo zikaitwa yatima, maana hazina wa kuzilea.

Abbey hakuwa daktari wala mwanasiasa. Alichofanya ni kutafuta wazazi wenzake, hata wale ambao watoto wao walikuwa na magonjwa tofauti kabisa. Hapo ndipo ninapompendea. Kila ugonjwa peke yake una watu wachache, ila ukiwajumlisha wote ni mamilioni.

Mbunge Henry Waxman akaitisha kikao 1980, hakikuvuma sana. Mwaka 1981 tamthilia ya runinga, Quincy, ikaonyesha kisa cha kijana mwenye Tourette, na mwigizaji mkuu Jack Klugman akaenda mwenyewe kuzungumza bungeni. Hapo nchi ikasikia! Bado mswada ukakwama Seneti, wakibishania nafuu ya kodi kwa makampuni. Tamthilia ikarudia mada hiyo 1982. Rais Reagan akatia saini tarehe 4 Januari 1983.

Mwaka uliofuata wakaweka idadi: ugonjwa adimu ni ule wenye wagonjwa chini ya 200,000 nchini mwao. Utasema ni namba tu. Lakini sisi wa wodini tunajua, ugonjwa ukishaandikwa na serikali unaingia kwenye fomu, kwenye bajeti, kwenye masomo ya wauguzi. Usipoandikwa, mama anazungushwa. Kuna mmoja alinijia na faili nene, amepita hospitali nne, zote zimeandika degedege. Haikuwa degedege.

Miaka kumi kabla ya sheria ile, dawa za magonjwa haya zilizofika sokoni Marekani zilikuwa kama 10. Leo ni mamia. Bei zake sasa, ni kilio kingine kabisa, nitakiandika Alhamisi nikitoka zamu.