Sukari ya bosi na shingo ya hausigeli

Wadau, sukari ikipungua jikoni, wa kwanza kuulizwa ni nani? Hausigeli. Tabia hii ina historia, na sehemu yake imeandikwa kwenye sheria.

Twende Uingereza, enzi za Malkia Victoria. Kwenye majumba ya shamba, mpishi alihesabu mafuta yaliyochuruzika kwenye nyama na vipande vya mishumaa kuwa vyake. Aliviuza mlangoni, akaongezea kamshahara kake. Bosi mmoja aliyaita marupurupu, mwingine akayaita wizi. Na Sheria ya Wizi ya 1861 haikumwonea huruma: mtumishi akimwibia bwana wake, kifungo kiliweza kufika miaka 14, zaidi ya mwizi wa kawaida.

Mkoloni akaja na fikra hiyohiyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilianza kutumika 1945, na kifungu cha 271 bado kinamtenga mtumishi anayemwibia mwajiri, kwa adhabu nzito kuliko ya wizi wa kawaida. Hoja ni kwamba aliaminiwa.

Sawa. Lakini binti anayetoka huku Nyarero, Tarime, kwenda kufanya kazi Mwanza au Dar naye amemwamini bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kukata mshahara kiholela. Mshahara wa miezi mitatu ukiliwa kwa kisingizio cha vikombe vilivyovunjika, hatusemi wizi. Tunasema anafundishwa adabu.

Kilo ya sukari ina kifungu chake. Jasho la miezi mitatu tuliite nini?