Ganda la Kushukia

Ganda la kushukia ni chombo cha mtu mmoja kinachomteremsha askari kutoka meli ya angani iliyo katika obiti hadi ardhini. Askari hufungwa mikanda akiwa amesimama au ameketi, mlango hufungwa, chombo hufyatuliwa kama risasi. Hupita hewani kikiwaka, hupunguza kasi mwishoni kabisa, hugonga ardhi, mlango hufyatuka, naye hutoka na silaha mkononi. Hakirudi juu. Mpaka sasa kipo katika hadithi za kubuni tu, kama riwaya na michezo ya kompyuta. Hakuna jeshi linalokitumia.

Umbo lake linalofahamika lilitokana na riwaya ya Robert Heinlein, Starship Troopers, iliyochapishwa Marekani mwaka 1959. Humo askari hupangwa kwenye mitutu ya meli, kila mmoja ndani ya chombo chake, wakafyatuliwa mmoja baada ya mwingine. Chombo kina tabaka juu ya tabaka. La nje huungua na kumeguka, na vipande vyake hutawanyika angani vikaichanganya rada ya adui. Yanafuata ya ndani, kisha miavuli kwa zamu, hadi askari anabaki na vazi lake la kivita tu. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo mwaka 1997 iliviacha vyombo hivi, ikawashusha askari kwa makundi ndani ya vyombo vikubwa. Hapo ilipoteza jambo lililoifanya riwaya itishe, yaani upweke wa mtu aliyefungiwa gizani akisubiri zamu yake.

Afrika Mashariki imo katika habari hii kuliko wengi wanavyodhani. Mchezo wa kompyuta Halo 3: ODST, uliotengenezwa na kampuni ya Bungie na kutoka Septemba 2009, huanza na askari wanaoshuka namna hii, na mji wanaoushukia ni New Mombasa, Kenya, mwaka 2552. Hatua za mchezo zina majina kama Tayari Plaza, Kizingo Boulevard na Kikowani Station. Kizingo na Kikowani ni mitaa ya kweli ya Mombasa. Chombo cha mchezaji hupigwa na wimbi la mlipuko kikiwa njiani. Mchezaji huzirai, akazinduka baada ya saa sita, usiku, mji mtupu, wenzake hawaonekani. Mitaa, basi, ina majina ya Kiswahili. Chombo kilichoangukia mitaa hiyo hakina.

Kabla ya kukipa jina, inafaa kujua kinafanya kazi gani, maana hapo ndipo watunzi wengi hukosea. Kitu kilicho katika obiti ya chini huenda kwa kasi ya kilomita 7.8 hivi kwa sekunde. Kwa kulinganisha, msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo, pwani, Machi 1871, akaingia Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, mwezi Juni. Miezi mitatu ya tope, homa na wapagazi waliotoroka. Kwa kasi ya obiti safari hiyo, ikipimwa kwa mstari ulionyooka, ni dakika moja na nusu. Kasi hiyo ndiyo inayokizuia chombo kisianguke. Askari akiachiwa tu mlangoni mwa meli hadondoki. Huendelea kuizunguka dunia sambamba na meli yake. Ili ashuke, lazima kwanza roketi imrudishe nyuma kidogo, apunguze kasi kwa kiasi cha mita mia moja kwa sekunde, njia yake iiname na kuingia hewani. Kazi iliyobaki hufanywa na hewa yenyewe. Hewa inayoshindiliwa mbele ya chombo hupata joto kali mno, na ngao ya joto inaweza kufika nyuzi 1,600 za Selsiasi. Ngao nyingine hutengenezwa makusudi ziungue na kubanduka polepole, ziondoke na joto hilo.

Mtu mmoja alishawahi kupita njia inayokaribia hiyo. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin alirudi kutoka obiti ndani ya tufe la metali lenye kipenyo cha mita 2.3, peke yake. Hakutua nalo. Kwenye kimo cha kilomita 7 alirushwa nje pamoja na kiti chake, akatua kwa mwavuli wake mwenyewe, na serikali ya Kisovieti ikalificha jambo hilo kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ya Marekani ilibuni kifaa kidogo zaidi, kilichoitwa MOOSE, cha kumwokoa mwanaanga ambaye chombo chake kimeharibika. Kilikuwa mfuko wa plastiki uliojazwa povu, wenye ngao ya joto na mwavuli. Uzito wake ulikuwa kilo 90 hivi, karibu mizigo mitatu ya pagazi wa njia ya Tabora, aliyebeba frasila mbili. Hakikutumika kamwe.

Sasa jina. Kiingereza kimechukua neno la shambani, pod, yaani ganda la kunde au la maharage. Mfasiri mwenye haraka huandika “kapsuli”. Si kosa, ila neno hilo halimwonyeshi msomaji kitu, na aliyetoka duka la dawa ana kapsuli zake mfukoni. “Kidonge” ni kibaya zaidi: askari mia mbili wakishuka vitani ndani ya vidonge, msomaji atacheka mahali alipotakiwa kuogopa.

Mkoa wa Tabora nchini Tanzania ungeweza kutoa neno jingine, “mzinga”. Mkoa huo ni nchi ya asali, na mzinga wa jadi ni gogo lililotobolewa ndani, likazibwa ncha mbili, likaachiwa tundu dogo na kutundikwa mtini. Ndani yake wamo viumbe waliojaa silaha. Picha inavutia. Tatizo ni kwamba mzinga pia ni silaha kubwa ya moto, ile inayopigwa mara 21 mgeni wa taifa anapopokewa. “Mizinga ilishuka juu ya mji” katika hadithi ya vita itaeleweka vingine kabisa. Neno hilo libaki kwa mtutu wa meli unaofyatua chombo, ambako linakaa vizuri.

Linabaki “ganda”, na ushahidi wake uko porini. Anayetoka Gongoni, katikati ya Tabora, akashika njia ya Sikonge, hukuta misitu ya miombo. Mtundu, mmoja wa miti ya misitu hiyo, huzaa maganda magumu kama ubao, yaliyofungana pande mbili. Kiangazi kinapokolea ganda hukauka, pande zake hujikunja kwa kuvutana, hadi siku moja jua la mchana linalipasua kwa mlio mkavu, ta! Mbegu bapa za kahawia hurushwa mbali na mti, na pande mbili za ganda huanguka zimejisokota kama ukanda wa ngozi. Ganda limefungia, limelinda, limefyatua, limekwisha kazi.

Kiswahili tayari kina ganda la yai na ganda la risasi. Chombo cha Heinlein hubanduka vipande vipande kama la kwanza, na kile kinachofika ardhini hubaki tupu kama la pili. Atakayesema kwamba ganda ni takataka, kitu cha kutupwa kama la ndizi, atakuwa amesema kweli: chombo hiki hutumika mara moja.

Kitenzi nacho kina uzito wake. “Kudondosha” kungefuata Kiingereza, drop pod, neno kwa neno, lakini embe hudondoka na bomu hudondoshwa, ilhali katika obiti, kama ilivyoonekana, hakuna kinachodondoka chenyewe. “Kushuka” ni tendo lenye nia na mwisho. Kwa hiyo “ganda la kushukia” ni sahihi kuliko jina la asili. “Ganda la kushushia askari” pia lingesimama pale mwandishi anapotaka kuonyesha kwamba aliye ndani hana amri juu ya safari yake.

Kwa askari wenyewe, mfano upo. Wabelgiji waliorukia Stanleyville, Kisangani ya leo, alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, huitwa kwa Kiswahili askari wa miavuli, na hakuna anayeuliza kama walipigana kwa miavuli. Vivyo hivyo wa riwaya waitwe askari wa maganda. Ngeli ni LI-YA: ganda lilishuka Kizingo, maganda yalishuka Kikowani.