Queen of Katwe: ijue filamu ya mtoto wa Kampala na sataranji

Filamu za familia za Disney tunazijua: mtoto fukara, mashindano makubwa, mwisho machozi ya furaha. Mfano ni Iron Will (1994), ya kijana anayeshindana na watu wazima kwenye vigari vinavyoburuzwa na mbwa juu ya theluji. Ilitokana na mbio za kweli za 1917, kutoka Winnipeg, Kanada, hadi Saint Paul, Marekani. Mshindi alikuwa Albert Campbell wa Kanada, ila shujaa wa filamu ni Mmarekani wa kubuni, Will Stoneman. Jasho la mwingine, jina la mwingine!

Sasa hii ya jirani zetu Uganda, pia ya Disney, majina ni yale yale ya wenyewe.

TAARIFA
Mwaka: 2016
Mwongozaji: Mira Nair
Waigizaji: Madina Nalwanga (Phiona), Lupita Nyong'o (mama), David Oyelowo (mwalimu)
Chanzo: kitabu cha Tim Crothers, 2012

KISA CHENYEWE
Phiona Mutesi amekulia Katwe, mtaa wa mabanda pale Kampala. Baba alifariki yeye angali mdogo, ada ikakosekana, skuli ikasimama, akawa anauza mahindi mitaani. Siku moja akamfuata kaka yake hadi kwa Robert Katende, aliyekuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Kumbe uji ndio uliomvuta!

Sisi Pemba tuna bao, na kwenye bao kete zote ni sawa. Sataranji siyo hivyo: kete dogo kabisa, ikifika mwisho wa ubao, inaweza kugeuka malkia.

Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya sataranji, Khanty-Mansiysk, Urusi. Alifungwa, na filamu haifichi. Mwaka 2012, Istanbul, akapata cheo cha FIDE, shirikisho la dunia. 2017 akaanza chuo kikuu Marekani.

UZURI NA KASORO
Kasoro: watu wa Katwe wanazungumza Kiingereza karibu filamu nzima, wakati mtaani ni Kiganda. Sokoni nako haikutamba. Iligharimu kama dola milioni 15, majumba ya sinema yakarudisha kama milioni 10.

Uzuri: mwisho kila mwigizaji anasimama pembeni ya mtu wa kweli aliyemuigiza. Msizime mapema! La kusikitisha, Nikita Pearl Waligwa aliyemuigiza Gloria, rafiki mdogo wa Phiona, alifariki 2020 akiwa na miaka 15.

Mimi nimemaliza sekondari, lakini wenzangu kadhaa waliishia njiani kwa sababu ya ada tu. Akili walikuwa nayo. Kwa hiyo wadau, ukiipata itazame na wadogo zako, halafu waambie huyu dada yupo kweli, na jina lake ni hilo hilo.

Nawakilisha.