Likizo tulivu katika visiwa vya Ugiriki bila kukodi gari

Na Mwandishi Wetu

UGIRIKI ina visiwa na vijisiwa vipatavyo 6,000, na kati ya hivyo ni 227 tu vinavyokaliwa na watu. Kwa msafiri anayetafuta mapumziko, wingi huo ni neema na ni mtihani pia. Picha za nyumba nyeupe zinazotazama bahari hufanana karibu kila mahali, lakini hali ya mgeni akishafika haifanani. Kuna kisiwa ambacho mtu hushuka melini, akatembea dakika tano na kufika chumbani kwake. Kuna kingine ambacho asiye na gari hujikuta amefungika hotelini, akisubiri teksi inayogombewa na abiria wa meli nzima.

Wasiotaka kukodi gari wana sababu zao. Wapo wasio na leseni, wapo wazee, na wapo wanaopima fedha zao. Aidha, wapo waliozoea kuendesha upande wa kushoto, kama ilivyo Tanzania na Kenya, ambao hawataki kujifunza kuendesha upande wa kulia katika barabara nyembamba za milimani. Watu hawa mara nyingi huambiwa kwamba bila gari hawataona kitu. Kauli hiyo ina ukweli kwa visiwa vikubwa. Kwa vidogo, haina.

Jambo la msingi ni kwamba utulivu, na uhuru wa kutembea kwa miguu, hutoka katika chanzo kimoja: udogo wa kisiwa na ugumu wa kukifikia. Anayekubali kupanda meli baada ya kushuka kwenye ndege huvipata vyote viwili. Hata hivyo, huvilipia kwa muda, na ni vema ajue mapema malipo hayo yakoje.

Uwanja wa ndege ni kipimo cha kwanza

Visiwa vya Santorini, Mykonos, Rhodes, Kos na Corfu hupokea ndege za moja kwa moja kutoka miji mingi ya Ulaya wakati wa kiangazi. Santorini na Mykonos hupokea pia meli kubwa za kitalii, ambazo hushusha maelfu ya watu kwa siku moja. Msongamano huo ulifikia hatua ya Serikali ya Ugiriki kuanza, Julai 2025, kuwatoza abiria wa meli hizo ada ya kushuka, ambayo kwa visiwa hivyo viwili ni euro 20 kwa kila mtu katika msimu wa watu wengi.

Visiwa visivyo na uwanja wa ndege huepuka sehemu kubwa ya mkumbo huo. Miongoni mwake ni Hydra, Folegandros, Koufonisia, Symi, Halki na Patmos. Si vyote vilivyo kimya kila siku ya mwaka, lakini vyote vinaweza kukaliwa kwa wiki nzima bila usukani.

Masafa matatu ya kupima

Kabla ya kuchagua kisiwa, msafiri apime masafa matatu: kutoka gatini hadi kitandani, kutoka kitandani hadi baharini, na kutoka kitandani hadi dukani. Yote matatu yakiwa chini ya dakika 20 kwa miguu, gari halihitajiki. Likizidi moja, pawepo basi au boti ya kuliziba pengo hilo. Yakizidi mawili, kisiwa hicho kinafaa mwenye gari.

Kosa la kawaida ni kutazama ramani bila kuuliza juu ya mlima. Miji mikuu ya visiwa vingi, ambayo Wagiriki huiita Chora, ilijengwa juu ya vilima kwa hofu ya maharamia. Mita 500 katika ramani zinaweza kuwa ngazi tupu, na mwenye sanduku la kilo 20 hulijua hilo akiwa amekwisha kulipa chumba.

Hydra: kisiwa kisicho na magari

Kwa asiyetaka hata kuona gari, Hydra ndicho kisiwa cha kwanza kutajwa. Magari na pikipiki vimepigwa marufuku huko, isipokuwa machache ya huduma za umma kama vile ya kuzoa taka. Mizigo hubebwa na punda na baghala, yaani chotara wa punda na farasi, na fukwe za mbali hufikiwa kwa boti ndogo za kukodi zinazosubiri bandarini. Msomaji anayeijua Lamu atakielewa kisiwa hiki haraka: vichochoro vya mawe, kwato za wanyama, na bandari ambayo ndiyo sebule ya mji.

Boti ya mwendokasi kutoka Piraeus, bandari kuu ya Athens, huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Ukaribu huo ndio faida ya Hydra na ndio kasoro yake, kwani wageni wa siku moja hujaa mchana na kuondoka jioni. Anayelala kisiwani huupata mji wake asubuhi na usiku. Ajue pia kwamba Hydra haina mchanga mwingi. Watu huogelea kutoka kwenye miamba na fukwe za kokoto, kama zile za Kamini na Vlychos zinazofikiwa kwa njia ya miguu kandokando ya bahari.

Folegandros na Koufonisia

Katika kundi la visiwa vya Cyclades, Folegandros ni mfano wa kisiwa kinachotegemea basi moja na kikatosheka. Basi hilo huunganisha bandari ya Karavostasis, mji wa Chora na kijiji cha Ano Meria. Chora imejengwa ukingoni mwa jabali lililo karibu mita 200 juu ya bahari, na viwanja vyake vya katikati havipitishi magari. Ufukwe wa Katergo hauna barabara. Huendewa kwa boti kutoka Karavostasis au kwa njia ya miguu. Mwenye kupenda kutembea alale Chora. Mwenye magoti mabovu alale bandarini, karibu na maji.

Koufonisia ni rahisi zaidi. Kisiwa kinachokaliwa, Ano Koufonisi, kina eneo lisilofikia kilomita za mraba 6, na ardhi yake karibu yote ni tambarare. Kutoka kijijini, njia hufuata pwani na kupita fukwe za mchanga moja baada ya nyingine hadi Pori, mwendo wa karibu saa moja kwa miguu. Meli hufika kutoka Piraeus na kutoka Naxos. Hata hivyo, udogo huo una upande wa pili: mwezi Agosti kijiji hujaa, na chumba ambacho hakikuwekwa miezi kadhaa kabla hakipatikani. Mwezi Juni au mwishoni mwa Septemba, mahali ni pengine kabisa.

Halki, Symi na Patmos

Kundi la Dodecanese liko mashariki, karibu na pwani ya Uturuki. Lango lake kubwa ni Rhodes, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa kimataifa, ambako msafiri huhamia kwenye boti.

Halki ina mji mmoja tu, Emborios, uliozunguka ghuba. Ufukwe wa Pondamos uko umbali wa dakika kama kumi kwa miguu. Mwaka 2021 kisiwa hicho kilichaguliwa kuwa mfano wa matumizi ya nishati safi, kikapatiwa paneli za umeme wa jua na magari ya umeme kwa shughuli za umma. Kwa anayetafuta ukimya wa kweli, vitabu viwili na bahari, Halki haina mpinzani mkubwa katika orodha hii. Anayehitaji maduka na burudani atachoka siku ya tatu.

Symi ni ya wapenda majengo. Nyumba za rangi hupanda kutoka bandari ya Gialos hadi mji wa juu, Chorio, na njia ya kale iitwayo Kali Strata huviunganisha kwa mamia ya ngazi. Basi dogo hupita Gialos, Chorio na ghuba ya Pedi, na boti huwapeleka wageni kwenye fukwe za mashariki kama Nanou na Marathounda. Boti za wageni wa siku moja kutoka Rhodes hufika asubuhi na kuondoka alasiri. Jioni kisiwa hurudi kwa wenyewe. Bandari imezingirwa na vilima, hivyo joto la Julai na Agosti ni kali.

Patmos ina uzito wa namna nyingine. Katika Kitabu cha Ufunuo, Yohana anasema alikuwa katika kisiwa hicho, na pango linalohusishwa na maono yake hutembelewa na mahujaji hadi leo. Monasteri ya Mtakatifu Yohana ilianzishwa mwaka 1088, na mwaka 1999 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiingiza, pamoja na Chora na pango hilo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi huanzia bandari ya Skala na kwenda Chora, Grikos na Kampos. Njia ya zamani ya mawe hupanda kutoka Skala kupitia pangoni. Kwa asiye na gari, kulala Skala ndiko kunakofaa.

Katika kisiwa kikubwa, tafuta kijiji kisicho na barabara

Krete ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 8,000, na huko ushauri wa kukodi gari una maana. Lakini pwani yake ya kusini ina kijiji cha Loutro, ambacho hakifikiwi kwa gari. Msafiri hupanda basi kutoka Chania hadi Chora Sfakion, kisha boti kwa dakika kama 20. Magharibi yake ni Agia Roumeli, mwisho wa korongo maarufu la Samaria lenye njia ya takriban kilomita 16. Huko mwenye gari hulazimika kuliacha nyuma kama wengine wote.

Majira na upepo

Miezi inayofaa ni Mei, Juni, Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Bahari ya Septemba ina joto kuliko ya Mei, kwa kuwa imekwisha kupashwa na kiangazi chote. Kuanzia Novemba hadi kabla ya Pasaka, hoteli na migahawa mingi ya visiwa vidogo hufungwa, na ratiba za basi na boti hupunguzwa. Siku za kuepuka ni zile zinazozunguka Agosti 15, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, ambapo Wagiriki wenyewe husafiri kwa wingi kurudi visiwani kwao.

Kama watu wa pwani yetu wanavyohesabu safari kwa kaskazi na kusi, ndivyo Wagiriki wa Bahari ya Aegean wanavyouhesabu upepo wa kaskazini uitwao meltemi, unaovuma kwa nguvu hasa Julai na Agosti. Ukifika nguvu ya 8 katika kipimo cha Beaufort, meli za abiria huzuiwa kuondoka bandarini. Boti ndogo na za mwendokasi huzuiwa mapema zaidi. Migomo ya mabaharia nayo hutokea.

Ndiyo maana kanuni moja haipaswi kuvunjwa: usiku wa mwisho kabla ya ndege ya kurudi ulalwe Athens au katika kisiwa chenye uwanja wa ndege. Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa abiria wa meli iliyofutwa haki ya kuchagua kati ya kurejeshewa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine. Lakini hali mbaya ya hewa inapokuwa ndiyo sababu, kampuni hailazimiki kumlipia hoteli, wala hairudishi tiketi ya ndege aliyoikosa.

Njia, afya na nyaraka

Tangu Oktoba 2022, treni ya metro ya Athens hutoka uwanja wa ndege hadi Piraeus bila kubadilisha, kwa muda wa karibu saa moja. Bandari hiyo ni kubwa, na malango yake hutambulishwa kwa herufi E na namba. Lango E1, linalotumiwa na meli za Dodecanese, liko mbali na kituo, hivyo mwenye mizigo ajipe muda.

Visiwa vidogo huwa na zahanati, si hospitali. Mgonjwa mahututi husafirishwa kwa helikopta au boti, na upepo unaweza kuchelewesha vyote viwili. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au mjamzito abebe dawa za kutosha, na afikirie kisiwa kilicho karibu na mji mkubwa.

Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hotelini kuna pia kodi ya mazingira kwa kila chumba kwa usiku, ambayo mara nyingi hulipwa papo hapo na haimo katika bei iliyotangazwa.

Maswali ya kumwuliza mwenye nyumba

Kabla ya kutuma fedha, msafiri amwulize mwenye nyumba mambo matano. Kuna ngazi ngapi kutoka gatini? Je, kuna mtu wa kuja kupokea mizigo? Ufukwe wa kuogelea ulio karibu uko dakika ngapi kwa miguu? Basi la mwisho hurudi saa ngapi katika mwezi huo? Na duka la karibu hufungwa lini?

Mwenye nyumba anayejibu yote kwa namba ameizoea hali ya wageni wasio na gari. Anayejibu kwamba kila kitu kiko karibu, bila kutaja dakika wala ngazi, aulizwe tena au aachwe.