Uvimbe wa Juu ya Figo Uliowahadaa Madaktari

Mwaka 1886 daktari Felix Fränkel wa Freiburg, Ujerumani, aliandika habari za binti wa miaka 18 aliyekuwa akishikwa ghafla na kichwa, kizunguzungu, hofu na moyo kwenda mbio. Binti alifariki ghafla. Maiti ilipochunguzwa, tezi zote mbili za juu ya figo zilikutwa na uvimbe. Adrenalini, homoni ya tezi hizo, ilikuwa bado haijagunduliwa, hivyo hakuna aliyeweza kueleza uvimbe wa huko uliusumbuaje moyo.

Uvimbe wa aina hiyo ulipewa jina la feokromositoma na Ludwig Pick wa Berlin mwaka 1912. Tiba ilichelewa hadi 1926, César Roux alipoutoa uvimbe huo Lausanne, Uswisi, na Charles Mayo akafanya hivyo Rochester, Marekani. Mgonjwa wa Mayo alikuwa mtawa, naye Mayo alimpasua bila kujua atakuta nini. Alipona, na hiyo ilikuwa bahati kubwa. Kuugusa tu uvimbe huu kunaweza kumwaga homoni kwenye damu, presha ikapanda ghafla kupita kiasi. Siku hizi mgonjwa huanzishiwa kwanza dawa za kuzuia alfa, zinazolegeza mishipa ya damu, siku kadhaa kabla ya upasuaji. Za kuzuia beta, zinazotuliza mapigo ya moyo, zikitangulia peke yake, presha inaweza kuzidi kupanda.

Kinachoniuma ni wale waliokufa bila kujulikana wanaumwa nini. Uchunguzi wa maiti katika hospitali ya Mayo Clinic, kuanzia 1928 hadi 1977, ulikuta watu 54 wenye uvimbe huu. Takriban robo tatu yao hawakuwa wamegunduliwa wakiwa hai. Si ajabu. Huyu analetwa moyo umeshindwa kusukuma damu, na mishipa yake haijaziba. Yule ana homa na maumivu ya tumbo, mwingine anatibiwa kisukari. Uvimbe wa jamii hiyo ukiota kwenye kibofu, mtu hushikwa na kichwa, jasho, pengine hata kuzimia, kila anapokwenda haja ndogo.

Uvimbe huu unaweza pia kuwa wa kurithi: mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba ukoo wa yule binti wa Freiburg unarithishana hitilafu katika jeni ya RET, inayoweza kuuleta.

Kwa hiyo, msomaji, kama presha yako hupanda kwa vipindi, ukatokwa jasho na kichwa kikakugonga, au kama katika familia yenu kuna aliyewahi kuwa na uvimbe huu, mwambie daktari wako waziwazi. Kipimo cha metanefrini, yaani mabaki ya homoni za uvimbe huu, kwa damu au mkojo, kipo.